Uma mkono wa kushoto: ipi dini, ipi mila?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, nasomea uuguzi Ujerumani. Mkufunzi wangu alinialika kwake chakula cha jioni, samaki na viazi. Wote mezani walishika kisu kulia na uma kushoto, na chakula kinaingia kinywani kwa kushoto. Mimi nikawa nakata, naweka kisu, nahamishia uma kulia, ndipo nakula. Mtoto wao akaniuliza mbona nahangaika hivyo. Nikaona haya, nikala kwa kushoto mpaka mwisho. Nilipomsimulia kaka yangu, akasema kosa lilianza nilipokaa mezani na kushika uma, kwani hayo ni mambo ya makafiri. Vidole pia sikulamba, na jibini waliyoleta mwishoni ilinishinda harufu. Naomba unieleze.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, umechanganyiwa mambo ya daraja tofauti, na kaka yako amekaza pasipotaka kukazwa. Zito katika uliyoyataja ni moja tu, nalo ni mkono.

Umar bin Abi Salama alilelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Anasimulia kwamba alipokuwa mtoto mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima, Mtume akamwambia: "Ewe kijana, mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako." Wameipokea Bukhari na Muslim katika vitabu vyao vya hadithi. Na katika Muslim imo hadithi ya Ibn Umar kwamba shetani ndiye anayekula na kunywa kwa kushoto. Hadithi hizi hazizungumzii desturi ya Waarabu. Ni mafundisho, yamekuja kwa tamko la amri, na yanatufuata popote tulipo. Wengi katika wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata pwani yetu, wamesema kula kwa kulia ni sunna na kula kwa kushoto bila udhuru ni makruhu, yaani halipendezi ila si haramu. Wako waliosema ni wajibu, na dalili zao si nyepesi. Mwenye jeraha au mkono uliopooza ana udhuru. Haya mbele ya wenyeji si udhuru. Hukufanya kwa kiburi, basi muombe Mwenyezi Mungu msamaha na lisikukoseshe usingizi.

Ulivyoanza ndivyo ilivyotakiwa uendelee: kata, weka kisu ukingoni mwa sahani, hamisha uma, kula. Wamarekani wengi hula hivyo hivyo kwa mila yao tu, wala hakuna anayewaona hawana adabu. Na yule mtoto hakukukejeli, aliuliza kama watoto wanavyouliza. Sentensi moja ingetosha: "Dini yangu inanifundisha kula kwa mkono wa kulia." Wajerumani wamezoea wageni wasiokula hiki au kile, na aghalabu wanapenda uwaambie mapema kuliko kukuona unateseka kimya kimya.

Ama meza, kaka yako huenda ameisikia hadithi ya sahaba Anas katika Bukhari, kwamba Mtume hakupata kula juu ya meza, bali walitandika chini. Ni kweli. Lakini kutofanya kwake jambo ni kitu kimoja, na kulikataza ni kitu kingine. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alilijibu hili waziwazi katika kitabu chake Ihyaa: kula chini kuko karibu zaidi na unyenyekevu, lakini hatusemi kula mezani kumekatazwa, maana meza ni kuinua chakula tu ili kifikike kwa wepesi.

Na kisu? Sahaba Amr bin Umayya alimwona Mtume mwenyewe akikata bega la mbuzi kwa kisu. Ikaadhiniwa, akakiweka chini akaenda kuswali. Hii ni ya Bukhari. Hadithi inayokataza kukata nyama kwa kisu imo katika kitabu cha Abu Dawud, na Abu Dawud mwenyewe ameeleza kuwa haina nguvu. Uma nao haujawahi kuwa alama ya dini ya mtu. Karne ya 11 padri mkubwa wa Italia, Petro Damiani, alimlaumu vikali binti wa kifalme wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) aliyeolewa Venice, kwa kuwa alikula kwa uma wa dhahabu na kukataa kugusa chakula kwa vidole. Kitu kilicholaumiwa na mapadri wenyewe kitakuwaje nembo ya Ukristo? Dhahabu na fedha, hizo kwetu zimekatazwa katika vyombo vya kulia. Chuma cha kawaida hakina neno.

Sunna ya kulamba vidole baada ya kula haikuhusu hapo. Hukutia vidole katika chakula, utalamba nini? Makusudio yametajwa katika hadithi ya Jabir: hujui baraka iko katika sehemu ipi ya chakula chako. Basi maliza kilichomo sahanini. Na usihuzunike kwamba kila mtu alikuwa na sahani yake ilhali wewe umekulia kwenye sinia moja na ndugu zako. Suratun Nur, aya ya 61, imesema si vibaya kula pamoja au mbalimbali.

Jibini nayo ina mfano mzuri. Mtume aliletewa kenge wa jangwani aliyechomwa, akarudisha mkono wake. Sahaba Khalid bin Walid akauliza: "Je, ni haramu?" Akajibu: "Hapana, ila hakuwa katika ardhi ya watu wangu, nafsi yangu haimtaki." Khalid akamvuta akala huku Mtume akimtazama. Hakumkemea aliyekula, wala hakukitia dosari chakula cha watu. Nawe sema "asante, nimeshiba", bila kukunja pua.

Nikuongezee ambalo hukuuliza, kwa kuwa litakufika: mvinyo. Kuna hadithi katika kitabu cha Tirmidhi inayomkataza muumini kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe. Ukialikwa tena, waeleze siku kadhaa kabla; anayekuheshimu hataona tabu kuiondoa jioni hiyo moja.

Nawe waalike kwako. Watandikie mkeka, pitisha birika na beseni wanawe mikono kama tufanyavyo nyumbani, na asiyeweza kula wali kwa mkono mpe kijiko bila kumcheka.

Wallahu a'lam.