Usimpigie mkwara mtu asiyetupa karata

Ukianza kujifunza poka, hasa ile ya Texas Hold'em ambayo ndiyo imeenea kwenye kasino (kila mtu ana karata mbili za siri, na tano za wote hufunuliwa mezani: tatu kwanza, kisha moja moja), kitu utakachokitamani mapema ni mkwara. Mkononi huna kitu, unasukuma dau kubwa, mwenzako anaogopa, anatupa karata zake, na fungu lote la mezani linakuwa lako. Raha yake naijua. Lakini wewe mgeni utakaa kwanza kwenye meza za dau dogo, na huko nakusihi mkwara uuweke kando karibu kabisa, kwa sababu wengi utakaokutana nao hawatishiki.

Mkwara ni hadithi, na hadithi inataka msikilizaji. Ukiweka dau kabla karata za mezani hazijafunuliwa, ukaweka tena zilipofunuliwa tatu za kwanza, ukaweka tena ilipotoka ya nne, unamwambia mwenzako kwamba jozi kubwa unayo tangu mwanzo. Mchezaji hodari anazifuatilia hatua hizo na kujiuliza unashikilia nini. Yule dhaifu, anayeingia karibu kila karata zikigawiwa, hakufuatilii. Anaangalia karata zake tu na swali lake ni moja: nina kitu? Akiwa na jozi ya 6, kitu anacho, na atalipa, yaani ataweka dau sawa na lako.

Kuna mkwara mmoja ambao wapenzi wa poka hawachoki kuusimulia, wa fainali ya mashindano makuu ya World Series of Poker ya mwaka 2003, Las Vegas. Chris Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na 7 ya kopa. Alikuwa akiwinda karata tano za rangi moja, yaani zote shupaza, hata za mfululizo, akakosa zote. Karata ya mwisho ilipotoka akasukuma kila alichokuwa nacho. Sam Farha, mbele yake, alikuwa na jozi ya 9, na juu ya meza hapakuwa na karata iliyozidi 9. Akafikiri, akatupa. Moneymaker akaishia kuwa bingwa na kuchukua dola milioni 2.5. Wageni wengi husikia habari hii wakajifunza ujasiri wa Moneymaker. Mimi naomba umtazame Farha. Alikuwa mchezaji wa kulipwa, mtu anayeweza kuitupa jozi ya juu kwa kufikiri kwamba amezidiwa. Mkwara ule ulifaulu kwa sababu aliyepigiwa alijua kutupa. Mweke kwenye kiti kile mtu asiyeijua kazi hiyo, pesa zote zinahamia kwake.

Hesabu nayo iko wazi. Mezani kuna shilingi 10,000 na wewe huna kitu. Ukiweka 5,000, mkwara wako lazima ufaulu walau mara 1 katika kila 3 ndipo usipate hasara. Ukiweka 10,000, lazima ufaulu nusu ya mara zote. Mtu anayetupa mara 1 katika 5 atakukausha tu, hata uigize vizuri namna gani. Na meza za dau dogo mara nyingi hazikuachi na mtu mmoja. Tuseme mmebaki wewe na watatu, na kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 60 wa kutupa. Uwezekano wa wote watatu kutupa ni kama asilimia 22 tu.

Usidhani pia kwamba dau likiongezeka ndipo atakapoogopa. Yeye amekuja kucheza, na kutupa karata kwake ni kukaa nje akitazama wenzake. Zaidi ya hapo anataka kuona ulichonacho, na kumkamata mtu anayemtisha ni furaha itakayomtosha usiku mzima. Kadiri unavyosukuma, ndivyo anavyozidi kukushuku.

Sasa geuza jambo hilohilo upande wako. Mezani pana 6,000. Unaweka 4,000, analipa. Fungu linakuwa 14,000. Unaweka 9,000, analipa, 32,000. Karata ya tano inatoka, unaweka 20,000, analipa tena. Ukiwa huna kitu, umempelekea shilingi 33,000 kwa mikono yako. Ukiwa na ree na mfalme, na ree nyingine iko mezani, mara nyingi hizo 33,000 ni zake na zinakuja kwako. Mchezaji ni yuleyule, madau ni yaleyale.

Kwa hiyo kazi yako kwake ni kungoja karata nzuri, kisha kumtoza bila huruma na bila kujificha. Wageni wengi wakipata jozi ya juu hunyamaza kwa kuogopa kumfukuza. Huyu hafukuziki! Weka dau, tena kubwa kuliko ambavyo ungemwekea mchezaji makini. Hata jozi ya juu yenye karata ya pembeni (ile nyingine ya mkononi mwako) ya wastani inastahili dau kwake, maana atakulipa kwa jozi ya pili, ya tatu, hata kwa ree tupu. Kuna wanaoamini kwamba inafaa ukamatwe na mkwara mara moja ili baadaye wakulipe. Kwa mtu huyu ni kupoteza pesa, kwani angekulipa tu.

Ukiwa unawinda rangi moja, karata nne tayari unazo na mezani zimefunuliwa tatu, una takriban asilimia 35 za kuipata kabla ya mwisho. Ikibaki karata moja, ni kama asilimia 20. Kwa mtu anayetupa, dau la hapo lina faida mbili: aweza kukuachia fungu, au ukaipata karata yako. Kwa asiyetupa faida ya kwanza haipo, basi tafuta kuiona karata inayofuata kwa bei nafuu.

Ila usimhukumu mtu kwa kuingia mara nyingi tu. Wapo wanaoingia na karata zozote, kisha zikifunuliwa tatu za kwanza na hawakuambulia kitu, wanatupa papo hapo. Na karata mbili zisizo jozi hukosa kupata jozi hapo karibu mara 2 katika kila 3. Huyo dau moja la nusu ya fungu linamtosha, lakini akilipa, simama. Ili kuwatofautisha, tazama karata zinazofunuliwa mwishoni hata kama wewe ulishajitoa: nani alifika hadi karata ya tano na jozi ndogo? Jina lake liweke kichwani. Wengi wenu saa hizo mnashika simu, na habari zote za meza zinapita mbele yenu.

Na yule mlipaji wako wa kimya, siku atakapopandisha dau juu ya lako karata ya tano ikishatoka, mwamini. Analipa kwa karata mbovu, lakini kupandisha hupandisha akiwa na karata nzito. Jozi yako ya ree hapo haitoshi tena, itupe.