Mvunaji wa maembe humtafuti mwezi wa 12

Shamba la miti ya matunda aliloniachia baba liko kando ya barabara ya Kasenga, nje ya mji wa Lubumbashi, huku Katanga, Kongo. Ni maembe kwa wingi, malimau kidogo na maparachichi. Nimelisimamia misimu 9 sasa, na miwili ya kwanza iliniumiza sana: miti imezaa, mikono ya kuvuna hakuna.

Kosa langu lilikuwa kungoja maembe yaive ndipo nitafute watu. Nilikwenda mtaa wa Katuba, mjini, nikakusanya vijana 14, nikakodi gari la kuwapeleka. Siku ya kwanza walichapa kazi. Siku ya tatu mvua ikanyesha, wakabaki 6. Siku ya tano sikumwona hata mmoja. Nauli nimelipa, chakula nimelipa, na maembe waliyoyaangusha kwa kutikisa matawi yakaanza kuoza kabla hayajafika soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, si nchi. Siwezi kuwalaumu. Kijana wa mjini akisikia kuna machimbo yanayolipa jioni ileile, embe litamshikaje?

Basi nikaenda kwenye kijiji cha jirani, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mama mmoja mzee akanijibu bila kuzunguka: “Mama, wewe unatuita wakati tunapanda mahindi. Tukivuna yako, mwaka kesho tutakula bukari, yaani ugali, ya nani?”

Maneno hayo yalinifungua macho. Kwetu huku masika ni moja tu. Mvua huanza karibu na mwezi wa 11, na mahindi yakichelewa kuingia ardhini mavuno hupungua. Majuma hayohayo ndiyo maembe yanaiva. Kwa hiyo shamba lako linagombania mikono na shamba la huyo unayetaka kumwajiri, na yeye akichagua lake anachagua chakula cha watoto wake.

Siku hizi natafuta watu mwezi wa 8, wakati wa kiangazi, watu wakiwa na nafasi. Namsalimu kwanza mfumu, yaani chifu wa kijiji, kisha nakaa na akina mama. Simuulizi mtu kama anataka kazi. Namuuliza: shamba lako liko wapi, utapanda lini, nani anakusaidia? Majibu naandika kwenye daftari, halafu napanga kazi kufuatana nayo. Tunavuna kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, kila mtu anarudi kwenye mahindi yake. Kuna makundi mawili yanayopokezana siku. Ndiyo, kazi inakwenda polepole kuliko ningependa, lakini watu wanarudi kesho yake.

Anayehitaji mbegu namkopesha mwezi wa 10, nakata kwenye malipo. Bei inaandikwa mbele yake, na deni halizidi malipo ya siku 3. Tafadhali msivuke hapo. Mwenye deni kubwa hafanyi tena kazi kwa hiari, na jambo hilo linanikera kuliko embe kuoza.

Kuhusu malipo nilijaribu kulipa kwa kasha. Makasha yalijaa haraka, na nusu ya matunda yalikuwa yamechubuka. Sasa nalipa kwa siku, na mwisho wa juma naongeza kitu kwa kundi ambalo maembe yake yamefika sokoni mazima. Pesa naitoa kwa mkono wangu, siku hiyohiyo, kwa kila mmoja. Kapita, yaani msimamizi wa wavunaji, ninaye, ni mtu wa kijijini na anaheshimika, ila hashiki pesa wala haandiki majina. Nimeona mashamba ambako mama anamgawia kapita sehemu ya malipo yake ili jina lake lisifutwe.

Sheria nayo msiisahau. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema mtu wa kazi ya siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi 2, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Wengi wetu hilo hatukulijua. Kwa wanaokaa msimu mzima mimi naandika mkataba wa msimu, karatasi moja, nao nausoma kwa Kiswahili kabla hawajatia sahihi.

Siku ya kwanza siangalii mtu amejaza makasha mangapi. Ni siku ya kufundishana, na inalipwa kama nyingine. Embe hukatwa na kikonyo chake, kwa sababu likinyofolewa utomvu unalimwagikia na kuacha madoa meusi, tena unaunguza ngozi ya mvunaji. Ya juu tunayashusha kwa ufito mrefu wenye mfuko. Yaliyoanguka na kuoza tunayafukia, maana nzi wa matunda huzaliana humo. Watoto hawapandi miti. Wenye kunyonyesha nimewajengea kibanda cha nyasi, na tangu nikijenge hawakosi kazini. Radi ikianza kunguruma wote wanashuka mara moja, hata kama kasha limebaki nusu. Radi za Katanga tunazijua.

Daftari la mwaka huu lina majina 23. Yule mama mzee hapandi tena ngazi, anachambua matunda chini ya kivuli, na msimu uliopita alimleta mkwe wake.