Shoga yangu anasema ni vidonda vya tumbo, mimi naogopa ni moyo

*Shikamoo Bibi Nesi. Mimi ni mama wa miaka 49, nauza nyanya na vitunguu sokoni hapa Morogoro. Mwenzangu wa meza ya pili, sokoni tunamwita Mama Mchele, ana miaka 54. Tumekaa jirani miaka 16 na watoto wetu wamekua kama ndugu. Tangu mwezi wa pili namwona amebadilika. Akibeba kiroba kutoka stoo anasimama njiani, anajishika kifua, anasema "subiri kidogo". Akikaa dakika chache inaachia. Anasema ni kama kafungwa kibwebwe kifuani badala ya kiunoni, na siku nyingine maumivu yanapanda mpaka kwenye taya. Juzi ngazi za stoo zilimshinda akiwa katikati. Yeye anasema ni vidonda vya tumbo. Anakunywa dawa ya tumbo ile nyeupe ya maji, anakunywa maji ya kitunguu swaumu, na mgongo ukimsumbua anameza diklofenaki. Nikimwambia twende hospitali anakuwa mkali. Kaka yake aliingia hospitali kwa miguu yake, akatolewa amefunikwa shuka. Anasema, "Mimi wakinipima tu, ndiyo nimekwisha." Wiki iliyopita nilimwambia kwa hasira kwamba ataanguka hapa sokoni watu wote wakimwangalia. Siku tatu hakunisemesha. Nifanyeje, bibi?*
Jirani wa Meza, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma jana usiku mara mbili, na alfajiri baada ya swala nikaisoma tena. Nimeitanguliza mbele ya zote zilizokuwa zinangoja.

Kwanza lile lisilosubiri maneno matamu. Siku maumivu hayo yakimjia amekaa tu, au akipumzika dakika kumi yasiachie, au yakija pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukatika au macho kuingia giza, siku hiyo hakuna kubembelezana. Asitembee hata hatua za kwenda barabarani. Bajaji au gari limfuate alipo, liende moja kwa moja hospitali yenye idara ya dharura. Asipitie duka la dawa, wala asiende nyumbani "kujinyoosha kidogo". Msimpe kidonge cha presha cha jirani. Na mkifika mlangoni, kabla hujataja jina lake wala mtaa, sema: "Kifua kinambana, anatoka jasho." Nimekaa mapokezi ya wagonjwa miaka mingi, najua neno gani linamfanya muuguzi ainuke kitini.

Sasa tuzungumze taratibu.

Kiswahili chetu pale chini ya kifua, tumbo linapoanzia, tunapaita chembe ya moyo. Mtu akisema "chembe ya moyo inaniuma", tisa kati ya kumi watamjibu vidonda vya tumbo, na atapewa dawa nyeupe kabla hajamaliza sentensi. Mara nyingi ni vidonda kweli, sikatai. Lakini moyo nao hulia pale pale, na jina tumeshapewa na wazee. Vidonda vina tabia yake: huamka njaa ikiingia, au usiku wa manane, au baada ya chakula fulani. Maumivu ya Mama Mchele yanafuata mzigo, hayafuati sahani. Akibeba yanakuja, akikaa yanaondoka, akipanda ngazi yanarudi. Hilo ndilo lililonifanya nikae kitako na barua yako.

Moyo ni msuli, nao unalishwa damu na mishipa yake myembamba. Mishipa hiyo ikisinyaa kwa mafuta yanayoganda ndani, damu inayopita inatosha mtu akiwa amekaa, haitoshi akiwa na kiroba kichwani. Msuli ukikosa damu ya kutosha unabana, na maumivu yanaweza kupanda kwenye taya, shingo, mabega, mgongo, au kushuka mkono wa kushoto. Kwa sisi wanawake ni rahisi zaidi kupotea njia, maana wengi wetu hatupati yale maumivu makali ya kushika kifua na kuanguka. Wengine huona uchovu usio na sababu, kukosa pumzi, kichefuchefu, mgongo kuuma. Tunasema ni utu uzima, ni kazi, ni mawazo ya watoto.

Siwezi kumpima mtu kwa barua. Huenda ni damu imepungua, nayo humfanya mtu ahemee ngazini. Huenda ni jambo lingine. Yote hayo yanampeleka mlango ule ule. Lakini ile diklofenaki aiache leo. Kama ni vidonda, inavichimba. Kama ni moyo, inauongezea mzigo. Hapo hata nyinyi wawili hamna la kubishania.

Kuhusu yale maneno ya hasira, nataka nikusimulie jambo ambalo sijalisahau.

Nilikuwa na jirani fundi cherehani, mwanamume mpole sana, alikuwa akishona kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu pale barazani kwake. Nikitoka zamu ya usiku nilikuwa napita kumsalimia. Asubuhi moja nikamkuta ameacha kukanyaga, mkono uko kifuani, anangoja. Nikamuuliza, akasema ni upepo tu, ukipita ataendelea. Mimi nilikuwa nimevaa sare, nimetoka kufunika maiti usiku ule ule, nikamwambia hivi: "Wewe utakufa juu ya hiyo cherehani, na watoto wako wataombaomba." Nilidhani hofu itamwinua. Kuanzia siku ile, akiniona natokea kona, anaingia ndani. Miezi saba hivi baadaye nikaitwa usiku na mkewe, nikamkuta ameshatangulia mbele ya haki.

Kwenye matanga mkewe akaniambia kitu. Mume wake hakuogopa sindano wala hakuogopa kufa. Aliogopa daktari atamkataza kukanyaga cherehani, na alikuwa ana kijana mmoja kidato cha tatu. Basi. Hilo tu. Yule mtu angeweza kufungiwa mota ndogo kwenye cherehani yake akaendelea kushona amekaa kwa raha. Nilikuwa muuguzi, nilikuwa jirani, nilikuwa napita pale kila siku, na sikuwahi kumuuliza anaogopa nini.

Ndiyo maana nakwambia: nenda ukamuulize. Kwanza mwombe radhi kwa yale maneno, bila kuongeza "lakini ni kwa sababu nakupenda". Omba radhi, kaa kimya. Halafu siku soko limepoa, saa tisa alasiri hivi, mkiwa mnachambua mchele, mwambie akusimulie habari za kaka yake. Alianza kuumwa lini? Alikaa nyumbani muda gani kabla ya kupelekwa? Nani alikuwa naye usiku wa mwisho? Msikilize mpaka amalize, hata kama analia, hata kama wateja wanapita. Usimwambie kwamba kaka yake alichelewa. Pengine ni kweli, na pengine yeye mwenyewe ndiye aliyesema "tungoje kesho". Jeraha hilo usiliguse kwa kidole.

Na habari hiyo ya kaka daktari ataihitaji. Ikiwa alikuwa hajafikisha miaka 55 na alikufa kwa moyo, dada yake anapaswa kuangaliwa kwa makini zaidi, maana maradhi haya huandamana na damu ya ukoo. Kwa hiyo usimwache aitaje kama ushahidi wa kutokwenda. Mwambie ndilo jambo la kwanza atakalomwambia daktari.

Ukishamsikiliza, usimwambie "twende ukapimwe moyo". Neno hilo ni kubwa kama jeneza kwake. Mwambie: "Shoga, na mimi nakaribia hamsini, sijapima presha tangu mwaka jana. Nisindikize." Na usiwe unamdanganya, mwanangu. Kapime kweli, wewe uwe wa kwanza kuingiza mkono. Mkae dakika tano bila kuongea kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, miguu chini. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, irudiwe, na ikibaki pale anatakiwa kuonana na daktari. Ila jihadhari na hili: presha ikiwa nzuri isimpe kisingizio. Presha nzuri haisemi mishipa ya moyo ni mizima. Mkiwa pale pale, mmeshaketi, mtabibu yupo mbele yenu, ndipo aseme habari ya ngazi. Kama atasita, mwombe ruhusa umsemee.

Mweleze pia atakayoyakuta, maana giza ndilo linalotisha. Kipimo cha umeme wa moyo, kile wanachokiita ECG, hakiumi. Analala chali, anabandikwa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, mashine inachora mistari kwenye karatasi, dakika chache kwisha. Hawaingizi umeme mwilini. Wanasoma ule ambao moyo wenyewe unautoa. Avae blauzi ya vifungo na kanga ya kujisitiri, na anaweza kuomba muuguzi mwanamke. Na nakuomba ulishike hili: mistari ya kipimo hicho inaweza kutoka safi kabisa kwa sababu moyo wakati huo umepumzika. Akiambiwa "uko sawa", asikunje karatasi na kuondoka. Aseme: "Nikiwa nimekaa niko sawa. Nikipanda ngazi ndipo kinabana." Hapo ndipo daktari ataamua kama amtazame moyo kwa ECHO, ambayo ni picha kama ile wanayopigwa wajawazito, au ampime akitembea kwenye mashine.

Ikibidi kwenda mbele, hapo Morogoro mna hospitali ya rufaa ya mkoa, na Dar es Salaam pale Muhimbili, Upanga, ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu 2015. Wakati wetu mgonjwa wa kufunguliwa mishipa ya moyo alikuwa anasubiri safari ya India, na wengine walisubiri mpaka kaburini. Leo kutoka kwenu kwa treni ya SGR ni chini ya saa mbili. Mwambie hilo. Kaka yake aliumwa mwaka gani? Huenda hayo hayakuwepo.

Imebaki fedha na meza, na nakisia hapo ndipo penye mzizi, kama ilivyokuwa kwa fundi wangu. Anawaza nani atauza mchele siku akiwa kliniki, nani atalipa, nani atambebea kiroba akikatazwa. Haya usimwache ayajibu peke yake usiku. Mwambie kwa mdomo wako: "Meza yako nitaikalia mimi, hesabu nakuandikia kwenye daftari." Zungumzeni na kijana wa mkokoteni, viroba vishuke kwa mkokoteni tangu kesho, hata kabla ya vipimo. Kama mna kikoba, mfuko wa jamii ni wa siku kama hizi. Na gharama zikimzidi kabisa, kwenye hospitali za umma kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Hapo huelezi kwa kunong'ona dirishani, unakaa na kusikilizwa.

Siku ya kwenda, dawa zake zote zitie kwenye mfuko mmoja: ile nyeupe, zile diklofenaki zilizobaki, na mitishamba kama ipo. Na kwenye kikaratasi andika tarehe ile ngazi zilipomshinda, na alikuwa amebeba nini.

Akikataa mara ya kwanza, muache siku mbili, endelea kumpokea mizigo, kisha muulize tena kwa sauti ile ile. Halafu niandikie uniambie presha zenu wote wawili zilisoma ngapi. Yako pia naitaka.