Geuza Ua Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Impatiensi

*Nimekutumia picha ya ua la pinki nililoliona Area D, hapa Dodoma. Ni impatiensi gani?*

Picha za impatiensi, yaani maua ya jenasi Impatiens yaitwayo pia balsamu, zimejaa tena, na karibu zote zimepigwa kwa mbele. Rangi haitambulishi spishi: Impatiens walleriana peke yake huchanua nyeupe, pinki, nyekundu hata zambarau. Geuza ua, piga ubavuni, tuuone mkia, ule mrija wa nyuma wenye nekta. Ongeza jani na kikonyo chake, pamoja na tunda.

La kwako limeokolewa na majani yaliyoonekana pembeni: yameota mawili mawili yakielekeana, yanang'aa, yana mshipa mweupe katikati. Hiyo si impatiensi kabisa. Ni Catharanthus roseus, asili yake Madagaska, na ndiyo maana inastahimili kiangazi chetu. Ina sumu, watoto wasiitafune.

*Mimi na jirani yangu wa Kisasa tunabishana, kila mtu anasema balsamu ya kweli ni yake.*

Zote ni za kweli. Yenye majani marefu membamba, maua yaliyobana kwenye shina na tunda lenye vinyweleo ni Impatiens balsamina, iliyotoka Asia ya Kusini. Yenye majani mapana, vikonyo virefu, mkia mrefu mwembamba na tunda lisilo na vinyweleo ni walleriana, na hiyo ni ya kwetu Afrika Mashariki. Joseph Hooker aliipa jina hilo mwaka 1868, kisha mwaka 1882 akaiita upya Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Mmea ule ule! Mtaalamu kama yeye aliutenganisha mmoja ukawa miwili, halafu wewe unataka jibu kwa picha moja yenye ukungu.

*Tunda limenipasukia mkononi. Nimeliharibu?*

Hapana. Ndivyo linavyorusha mbegu.

*Programu ya simu ya kutambua mimea imenipa majina mawili kwa mmea mmoja. Nishike lipi?*

Usishike lolote mpaka uukague mmea wenyewe. Tena spishi hizi huzaliana, moja na nyingine, zikatoa machotara. Usambara, walleriana huchanganyika na Impatiens usambarensis. Kilimanjaro, Impatiens kilimanjari, nyekundu yenye mkia mnene uliojikunja kwa ajili ya mdomo wa ndege chozi, huchanganyika na Impatiens pseudoviola yenye rangi hafifu. Ukikuta mmea ulio katikati, andika sifa zake zote na mahali ulipoota. Usiulazimishe jina, maana jina la kulazimisha likishaingia kwenye kumbukumbu huwapotosha wengi.

*Nikikausha ua kwenye gazeti linageuka kama karatasi iliyolowa.*

Petali zake ni laini mno. Lichambue likiwa bichi, tandaza kila sehemu peke yake, na uandike rangi na umbo la mkia kabla hujalibana.

*Nataka kung'oa chache msituni Mang'alisa, milima ya Rubeho, nikapande Nkuhungu. Nitumie mbolea gani?*

Using'oe. Huo ni msitu wa hifadhi, na katika milima hii ya Tao la Mashariki zipo impatiensi zinazoota kwenye safu moja tu ya milima duniani. Wachumaji wachache wanatosha kuimaliza spishi ya namna hiyo. Wala Nkuhungu haitakaa: mmea uliozoea kivuli na ukungu wa Rubeho utaishije na mvua yetu ya Dodoma ya milimita 570 hivi kwa mwaka? Omba tawi la walleriana kwa mwenye bustani, litie kwenye glasi ya maji mpaka litoe mizizi, kisha lipande kivulini na ulimwagilie kila jioni.