Umeng'enyaji mwingi haufanyiki tumboni

Je, chakula humeng'enywa hasa tumboni, yaani kwenye mfuko wa chakula? Hapana, kazi kubwa hufanyika kwenye utumbo mwembamba. Tumbo huvurugavuruga chakula, hukichanganya na asidi na kuanza kuvunja protini kwa kimeng'enya (kemikali ya mwili inayovunja chakula) kiitwacho pepsini. Wanga ulishaanza kuvunjwa mdomoni na mate. Baada ya saa 2 hadi 4 hivi, uji ule wa chakula huwa umeachiliwa kidogokidogo kuingia duodeni (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba), na hapo ndipo penye shughuli yenyewe: kongosho humwaga vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta, pamoja na bikaboneti ya kuzima asidi, kwa sababu vimeng'enya hivyo haviwezi kufanya kazi penye asidi kali. Nyongo inayotengenezwa na ini si kimeng'enya (wengi hukosea hapa). Kazi yake ni kuyagawa mafuta yawe matone madogo ili kimeng'enya kiyafikie. Virutubisho hufyonzwa hukohuko, kupitia vijidole vidogo mno vilivyotanda ukutani mwa utumbo.

Ushahidi ulio wazi: mtu aliyeondolewa tumbo lote kwa upasuaji bado humeng'enya chakula, ila hula kidogokidogo mara nyingi na huhitaji kuongezewa vitamini B12, kwa kawaida kwa sindano, maana tumbo ndilo hutoa protini inayowezesha B12 kufyonzwa. Aliyepoteza sehemu kubwa ya utumbo mwembamba mara nyingi hulazimika kulishwa kupitia mshipa wa damu.

Pombe na aspirini ni tofauti na virutubisho: hizo tumbo hufyonza kiasi.