Lenzi gani ya mkutano mkuu wa chama? Jibu langu refu kidogo

Mdogo wangu, umeuliza kama lenzi ya kuvuta mbali ya 70-200 inatosha kupigia picha mkutano mkuu wa chama na kama ubebe flashi. Inatosha, na flashi iache nyumbani. Hilo limeisha, sasa nikwambie yale ambayo hukuuliza.

Mkutano wangu mkubwa wa kwanza ulikuwa wa NRM, chama tawala cha Uganda, pale uwanja wa Namboole nje kidogo ya Kampala, Desemba 15, 2014. Ndio ule wajumbe walibadilisha katiba ya chama, katibu mkuu akaacha kuchaguliwa na wajumbe akawa wa kuteuliwa na mwenyekiti, na Amama Mbabazi ambaye Septemba alikuwa ashatoka kwenye uwaziri mkuu akapoteza na hicho kiti chake cha ukatibu mkuu. Kwa hio siku ile kila gazeti Kampala lilikuwa linataka picha na mimi nilikuwa sina mwajiri, nalipwa kwa picha inayotoka, isipotoka umefanya mazoezi tu.

Nililala Kireka kwa rafiki ili asubuhi nitembee kwa miguu. Fanya hivyo, usitegemee boda siku rais anapita, barabara zinafungwa. Saa kumi na mbili niko kwenye foleni. Mnapanga kamera zote chini, mbwa anapita ananusa, halafu unaiwasha mbele ya mwanajeshi unapiga picha moja aone kweli ni kamera. Betri za akiba ndizo zinaleta maswali. Hapa sasa Kiswahili kiliniokoa, unajua sisi Uganda wengi wanakiona ni lugha ya askari na wezi, lakini mimi wa Busia, mpakani na Kenya, nimekua nacho, nikamwambia "Jambo afande, hizi ni betri za kamera tu, ziko nne, nikuwekee moja uone?" akacheka, akaniuliza kwetu wapi, nikapita. Jamaa nyuma yangu alikuwa anabishana kwa Kiingereza kirefu cha chuo, nilimuona ndani saa tatu.

Ukishaingia hutoki, ukitoka hurudi. Kula kabla. Mimi nilibeba rolex mbili, zile chapati zetu za kukunja na mayai, ndani ya mfuko wa lenzi, banange, mafuta yakaingia kwenye kile kitambaa cha kufutia kioo na sikuwa na kingine siku nzima.

Sasa njano, rangi ya chama. Watu maelfu, shati njano, kofia njano, magauni ya gomesi njano, na jua la kwetu linapiga kutoka juu. Kamera ikiona vile inadhani kuna mwanga mwingi inapunguza, nyuso zinatoka nyeusi hazina macho, na ukiiachia yenyewe ichague rangi inavuta kwenye bluu kujaribu kuua njano, ngozi inakuwa kama ya mgonjwa. Mimi naweka rangi kwa mkono, kelvini 5200 au 5500 ya mwanga wa jua, hapo sigusi tena, naongeza mwanga kidogo, theluthi mbili hivi, na napiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili nikikosea nirekebishe. Shati zenyewe zinarudisha njano chini ya kidevu, hio usihangaike nayo, ndio ilivyokuwa.

Halafu kuna kofia ya Mzee, yaani Rais Museveni. Ile pana. Jua likiwa juu kivuli chake kinashuka hadi mdomoni na ukipima mwanga kwenye kofia umekosa uso. Pima shavuni, kofia iungue kidogo hakuna atakayelalamika, na subiri ainue kichwa kuangalia watu wa mbali. Mtu akisoma karatasi anainama, picha hakuna, pumzisha mkono. Akiacha karatasi aanze kuongea vyake, hapo ndio inua kamera.

Lakini kilichoniumiza mimi sio mwanga. Ni intaneti. Modemu inaonyesha mistari yote imejaa na hakuna kitu kinaenda, maana simu zote za uwanja mzima zinavuta mnara mmoja. Picha moja ilikwama asilimia arobaini, nikaanza upya, ikakwama tena, nami badala ya kutuma kidogo nilichokuwa nacho nikasema aah acha nipige kwanza nitatuma yote baadaye zikiwa nzuri. Ujinga mtupu. Jioni nimepata boda, foleni ya Jinja Road, nafika kwa edita saa tatu usiku na kadi mkononi, ukurasa ushaenda kuchapwa. Walitumia ya jamaa mwingine, jukwaa kwa mbali, picha ya kawaida kabisa, ila yeye aliituma saa sita mchana.

Kwa hio siku hizi naingia, napiga tatu nne za mwanzo, nachagua moja, napunguza hadi upana wa pikseli 1500, naandika kepsheni fupi na natuma kabla watu hawajajaa. Ya pili kabla ya hotuba. Laini za mitandao miwili, sio mmoja. Na kama una mtu wa kuaminika mwambie akae upande wa nje ya uzio na boda, mchana mpe kadi, wewe ubaki ndani. Huyo mlipe kabla, boda ambaye hajalipwa anapata abiria mwingine.

Picha yenyewe iliyochelewa ilikuwa ya mzee mmoja mjumbe, amesimama juu ya kiti cha plastiki kanyanyua dole gumba, na wenzake wawili wamemshika suruali kwa nyuma asianguke, mmoja anacheka, mwingine uso umekunjamana kabisa maana uzito wote kaachiwa yeye. Haikutoka popote. Iko Busia ukutani kwa mama yangu, na mpaka leo anawaambia wageni yule aliyeshika suruali ni mjomba.