Simu inasema stoo imefungwa, mbona mlango uko wazi?

SWALI: Fundi, pole na kazi. Nina stoo ya pembejeo nyuma ya duka langu hapa Morogoro, mlango wake ni wa chuma. Miezi mitatu iliyopita nilifunga kitasa cha kielektroniki cha kadi na namba, kinachotuma taarifa kwenye simu. Juzi jioni kijana wangu wa dukani alitoka, simu ikaandika "imefungwa", nikalala. Asubuhi nimekuta mlango umeachia upana wa kiganja na ulimi wa kitasa umetokeza nje. Nashukuru hakuna kilichoibwa. Je, kitasa ni kibovu? Na nifanyeje ili nijulishwe mlango ukibaki wazi?

JIBU: Ahsante kwa kutaja huo ulimi, maana umenipunguzia kazi. Kitasa chako ni kizima. Kilikwambia kweli, ila kweli ya kitu kimoja tu: kwamba ulimi umetoka. Ndani yake mna mota ndogo inayousukuma ulimi, na kinachopimwa ni kama mota imefika mwisho wa safari yake. Ulimi ukiingia kwenye tundu la fremu au ukibaki unaning'inia hewani, kwa kitasa ni mamoja. Vitasa vingi pia hujifunga vyenyewe baada ya sekunde kadhaa, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Kijana aliusukuma mlango, haukufika, sekunde zikaisha, ulimi ukatoka, nawe ukapata ujumbe wa kukulaza usingizi.

Kabla hujanunua chochote, angalia bawaba. Mlango wa chuma ukilegea hata kidogo, ulimi haulengi tena tundu lake, na watu huanza kuuacha bila kuubana kwa sababu unawasumbua. Mwite fundi wa kuchomelea aunyanyue kwanza.

Kinachokosekana hapo ni sensa ya sumaku, yaani kifaa cha kuhisi kama mlango umefika kwenye fremu. Ina vipande viwili: sumaku inafungwa kwenye mlango, swichi kwenye fremu. Swichi yenyewe ni vibati viwili vyembamba ndani ya kichupa cha kioo. Sumaku ikiwa karibu vinagusana, ikienda mbali vinaachana, na hapo ndipo kifaa kinajua mlango uko wazi. Swichi ya namna hiyo ilibuniwa katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1936, na kwa bei yake sijaona cha kuishinda.

Ila kwako kuna chuma, na chuma hunyonya nguvu ya sumaku. Zile sensa ndogo nyeupe za kubandika kwa gundi, zilizotengenezwa kwa milango ya mbao, zitakuchezea: leo zinasema wazi, kesho zimefungwa. Omba za milango ya chuma, zenye umbo kubwa na matundu ya skrubu, na uweke kipande cha plastiki kati ya sumaku na bati. Zifunge upande wa ndani, kwenye ukingo wa kitasa. Upande wa bawaba mlango unaweza kuachia kiganja kizima huku sumaku ikiwa haijasogea vya kutosha.

Soma kijitabu cha kitasa uone kama kina sehemu ya kuunganishia sensa ya mlango. Kama hakina, nunua sensa ya pembeni inayokubali programu ileile ya simu. Kisha weka tahadhari mbili. Ya kwanza: ulimi umetoka huku mlango ukiwa wazi, ujumbe uje papo hapo, kwa sababu hali hiyo haina maelezo mazuri. Ya pili: mlango umekaa wazi muda mrefu. Hapa wengi huharibu kwa kuweka sekunde 10. Siku ya kushusha mbolea simu italia mpaka uizimishe sauti, na ukishaizimisha, umerudi kulekule. Mimi ningeweka dakika 20 saa za kazi, na dakika 1 baada ya kufunga duka.

Sasa jambo linalonikosesha raha kuliko sensa: ukimya. Umeme ukikatika, kitasa chenye betri kinaendelea kufanya kazi, lakini ruta, kile kifaa kinacholeta intaneti, imezima na ujumbe hauna njia. Wewe unaona simu kimya, unadhani salama. Kwa hiyo tafuta kwenye programu tahadhari ya kifaa kupotea mtandaoni, uiwashe, na ruta uipe betri yake ya akiba. Soma volti zilizoandikwa chini ya ruta kabla ya kununua betri hiyo, kwani si ruta zote ni za volti 12. Kama intaneti ya hapo ni ya kubahatisha, kifaa kinachotumia laini ya simu na kutuma SMS kitakufaa zaidi. Shida yake ni salio. Niliwahi kumfungia mteja kifaa kama hicho nikasahau kumwambia aongeze vocha, kikawa bubu wiki mbili bila mtu kugundua. Tangu hapo nawapangia wateja ujumbe mmoja wa hali ya mlango kila jioni. Usipokuja, unanyanyuka kwenda kuangalia.

Betri nazo: kama kitasa chako kinakula betri 4 za AA, weka alkalaini zote mpya, za aina moja. Za kuchaji hutoa volti 1.2 kila moja badala ya 1.5, hivyo kipimo cha chaji kitakudanganya.

Leo jioni jaribu hivi. Simama ndani, mlango ukiwa wazi, bonyeza kufunga, uangalie simu inaandika nini. Kisha sogeza mlango upana wa vidole viwili tu, urudie. Nitumie majibu pamoja na picha ya upande wa ndani wa kitasa, pale nyaya zinapoingia, nikwambie kama kina nafasi ya sensa au la.